Gia moja, barabara tatu: gurudumu la nyuma katika njia panda ya Kombani

Anayetoka Likoni, kusini mwa Mombasa, akifika Kombani hana budi kuchagua. Akinyoosha, lami inampeleka Ukunda, Msambweni hadi Lunga Lunga. Akikata kulia, anauacha ukanda wa chini wa pwani na kuanza kupanda Kwale, mji uliokaa karibu mita 400 juu ya bahari, pembeni mwa msitu wa Shimba. Akiingia kushoto, yumo katika vijia vya mchanga vinavyoshuka baharini kati ya minazi na mihogo. Mwenye gari huchagua pale pale. Mwenye baiskeli ya gia moja alikwisha kuchagua siku aliyonunua gurudumu la nyuma, na wengi huchagua bila kuulizwa wala kuelezwa.

Nimeiandika makala hii kwa sababu nimewaona vijana wenye nguvu zao wakisukuma baiskeli kwa miguu kwenye mlima wa Kwale, jasho linawatoka, mzigo umelala kwenye keria, na kila mmoja anaamini kwamba tatizo ni mapaja yake. Mara nyingi si mapaja. Ni meno machache tu ya chuma.

Tuanze na kipimo, kwa maana bila kipimo maneno ya gia huwa ni ubishi wa kijiweni. Paka chaki kwenye tairi la nyuma pale linapogusa chini, zungusha pedali mzunguko mmoja kamili, kisha pima baiskeli imesogea kiasi gani. Huo ndio urefu wa gia yako. Nilifanya hivyo kwa baiskeli nyeusi ya kawaida, zile za rimu ya inchi 28 zenye bomba la juu lililonyooka ambazo India na China zimezileta kwetu kwa miongo mingi. Mbele ilikuwa na meno 48, nyuma 18. Chaki ikaenda mita 5.9. Hiyo ni gia ya mtu anayekwenda Ukunda mikono mitupu, upepo ukiwa mgongoni. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unapita kilomita 21 kwa saa, na kwenye tambarare ni raha tupu.

Sasa weka mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye keria, umpandishe kitini mtu wa kilo 65, na baiskeli yenyewe kilo 20. Chukua mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, mwinuko ambao gari halishtuki nao hata kidogo. Ukipiga hesabu ya uzito huo, pamoja na mkwaruzo wa tairi na krenki, ile mikono ya pedali, za sentimita 17, kila mzunguko unadai msukumo wa wastani wa kilo 45 kwenye pedali. Lakini mguu hausukumi sawasawa mzunguko mzima. Juu na chini kabisa nguvu ni karibu sifuri, na pedali ikilala mbele nguvu inapanda hadi kilo 70 hivi. Mpandaji ana kilo 65. Hata akisimama mzima mzima juu ya pedali moja, uzito wake hautoshi. Lazima auvute usukani kwa mikono, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka juu. Hapo ndipo watu wanaposhuka na kusukuma, na wana haki.

Baiskeli ile ile, mtu yule yule, saruji ile ile, lakini mbele weka 44 na nyuma 22. Chaki inakwenda mita 4.4. Msukumo wa juu unashuka hadi kilo 52 hivi. Bado ni kazi, ila sasa uzito wa mwili unatosha kuifanya. Kwenye tambarare utapoteza kitu, ni kweli: kwa mizunguko 60 utakwenda kilomita 16 kwa saa badala ya 21. Kwa anayebeba mitungi ya maji, madafu au mihogo kila siku, nadhani hasara hiyo ni ndogo kuliko kifua kinachouma usiku.

Baiskeli za milimani za mitumba zina hesabu yake. Nyingi zina rimu ya inchi 26. Waendeshaji wa gia moja duniani kote huanzia mbili kwa moja, yaani 32 mbele na 16 nyuma, ambayo kwa tairi hilo ni mita 4.1. Tairi likiwa la inchi 29, nyuma iwe 18 ndipo urefu wa gia ulingane. Hiyo ni kwa mtu asiye na mzigo. Kwa Kombani, kwa anayepanda Kwale na mfuko nyuma, ningeshuka hadi 32 kwa 20, mita 3.3, ambapo msukumo wa juu katika hesabu yetu ya saruji ni kama kilo 39. Kwenye lami ya Tiwi miguu itazunguka upesi na utapitwa na wenzako. Kwenye mchanga hutapitwa na mtu.

Meno ni nusu ya swali. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kitovu cha gurudumu, kile kinachoshika ekseli, gololi, spoki na friwili, yaani yale meno ya nyuma yanayoliacha gurudumu lizunguke hata miguu ikitulia. Hapa ndipo pesa inapopotea.

Baiskeli ya mtumba inakuja na gia 18 au 21. Hewa ya chumvi inaanza na waya: unaganda ndani ya ganda lake, gia zinagoma kuhama, ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni unapinda ukigonga jiwe. Mwenyewe anamwambia fundi, "Ami, nifungie gia moja." Fundi anaondoa mkono wa gia, anakata cheni, anaiweka kwenye duara la katikati la yale meno ya nyuma, basi. Nimekaa chini ya mwembe nikaitazama baiskeli iliyofungwa hivyo ikizungushwa hewani. Mzunguko wa tatu cheni ilianza kukwea. Meno ya duara kubwa la jirani yamechongwa mifereji maalumu ya kuidaka cheni na kuipandisha. Ndiyo kazi yaliyotengenezewa. Cheni ikapanda duara kubwa bila kuongezwa urefu, ikakaza kama uzi wa gitaa, gurudumu likasimama. Hewani hakuna madhara. Barabarani, mtu akiwa amesimama kwenye pedali, hicho ndicho kinachokata cheni, kinachopinda ekseli na kumwangusha mtu mbele ya matatu.

Kwa hiyo kabla ya kukata cheni, jua una kitovu gani. Zungusha yale meno ya nyuma kinyumenyume na utazame vijino vidogo vya katikati, karibu na ekseli, pale kifunguo kinapoingia. Vikizunguka pamoja na meno, hiyo ni kaseti. Vikitulia, hiyo ni friwili iliyokazwa kwa skrubu kwenye kitovu. Ni jambo la sekunde mbili, na linabadilisha kila kitu kinachofuata.

Kitovu cha skrubu ndicho cha zamani na ndicho kilichoenea. Uzi wake ni wa kipimo kimoja karibu dunia nzima, kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa kila inchi, na kwa sababu hiyo friwili ya gia moja ya meno 16, 18, 20 au 22 inaingia bila maombi. Udhaifu wake uko ndani. Gololi za upande wa kulia zimekaa kwenye kitovu chenyewe, nyuma ya friwili, mbali na fremu, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila kushikwa. Friwili ikiwa ya gia saba, kipande hicho ni kirefu mno; mzigo ukigonga shimo, ekseli inapinda, kisha inakatika. Kampuni ya Shimano ya Japani ilileta mwaka 1978 kitovu kinachosogeza gololi za kulia hadi karibu na fremu, na tangu hapo ekseli za gia nyingi zimepumua. Hicho ndicho kitovu cha kaseti.

Lakini hapa kuna jambo ambalo fundi mzuri analijua na mteja haambiwi. Unapotoa friwili ya gia saba na kuweka ya gia moja, nafasi kubwa inabaki wazi upande wa kulia. Fundi mvivu anaiacha. Fundi mzuri anahamisha washa kutoka kulia kwenda kushoto mpaka kitovu kikae katikati ya fremu, kisha anairudisha rimu katikati kwa kukaza spoki za upande mmoja na kulegeza za pili. Faida ni mbili kwa mpigo. Ekseli iliyoning'inia inafupika upande uliokuwa dhaifu. Na spoki, ambazo kwenye gurudumu la gia nyingi zinavutana kwa mkazo mkubwa kulia na mdogo kushoto, sasa zinakaribiana mkazo pande zote mbili. Gurudumu la namna hiyo linabeba mzigo bila kukata spoki kila wiki. Kwangu mimi, hii ndiyo sababu kubwa ya kupenda gia moja huku kwetu, kuliko hata ile ya kukosa waya wa kuoza.

Ukiwa na kaseti, usiitupe. Ekseli yake ni imara zaidi. Ondoa meno yote, weka duara moja na vipande vya bomba pande zote mbili kama washa, ulisogeze mpaka lilingane sawasawa na meno ya mbele. Kulingana huko ni lazima: ukitazama kutoka nyuma, cheni iwe mstari mmoja ulionyooka. Usitumie duara lililong'olewa kwenye kaseti ikiwa unaweza kupata la gia moja, lenye meno marefu yasiyo na mifereji. Na liwe na kiuno kipana, kwa sababu duara jembamba la chuma, likisukumwa na mguu uliosimama, huchimba makovu kwenye ngoma laini ya alumini lilipovalishwa. Tatizo la kaseti ni siku ngoma yenyewe inapokufa. Mchanga mwembamba na maji ya chumvi vinaingia, vikucha vya ndani vinagoma kudaka, pedali inazunguka bure. Friwili ya skrubu ikifika hapo unanunua nyingine dukani. Ngoma ya kaseti ina aina nyingi zisizoingiliana, na unaweza kuzunguka kutoka Ukunda hadi Mombasa ukitafuta inayokubali kitovu chako.

Anayekwenda dukani kununua kitovu kipya aangalie jambo moja zaidi. Vipo vitovu vya baiskeli ndogo za michezo, vyenye uzi pande zote mbili, na muuzaji atasifu kwamba vina friwili mbili. Vingi upande wa pili vina uzi mdogo wa milimita 30, unaopokea friwili ya meno 13 hadi 15 tu. Hiyo ni gia ya kuruka vichuguu, haikusaidii kitu Kwale. Isitoshe, kitovu cha namna hiyo kina upana wa milimita 110, na fremu ya baiskeli ya milimani ina 135. Kuibana fremu kwa nati hadi ishike ni kuivunja polepole.

Kitovu chenye uzi mkubwa pande zote mbili ni habari nyingine kabisa, na ningependa kukiona zaidi. Kulia weka 18, kushoto weka 22. Ukifika njia panda, fungua nati mbili, geuza gurudumu, funga, panda. Waendeshaji wa Tour de France walifanya hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu mbio hizo hazikuruhusu gia za kuhamisha cheni mpaka mwaka 1937. Walishuka chini ya mlima, wakageuza gurudumu, wakaendelea. Kila jino moja husogeza ekseli karibu milimita 3 ndani ya mdomo wa fremu, ule mpasuko unaoshika ekseli, kwa hiyo meno manne ni kama sentimita moja na robo, na mdomo mrefu wa baiskeli nyeusi unatosha. Kasoro ni breki: rimu ikisogea, kipande cha mpira hakiigongi tena mahali pake, na lazima kirekebishwe. Kwa anayepanda mara mbili kwa wiki inafaa. Kwa anayepanda kila siku, achague 22 na aishi nayo.

Mdomo wa fremu wenyewe uangaliwe pia. Ukiwa umelala, ekseli inarudi nyuma na cheni inakaza. Baiskeli nyingi za milimani mdomo wake unaelekea chini, hakuna pa kuvutia, na cheni italegea tu. Hapo ule mkono wa gia unaotupwa una kazi: urudishe, bila waya, ukaze skrubu zake za mipaka hadi gurudumu lake dogo lisimame chini ya duara moja, nao utaivuta cheni kwa chemchemi yake.

Breki ya miguu, ile ya kurudisha pedali nyuma, inastahili kusemwa kwa uzito. Ni kitovu kizuri. Kampuni ya Fichtel & Sachs ya Ujerumani ilikipatia umaarufu kwa jina la Torpedo tangu mwaka 1903. Hakina waya, hakilowi mvua, mchanga haukiingii kirahisi. Kwa Diani hadi Msambweni ningekipendekeza bila wasiwasi. Kwa anayeshuka Kwale na mzigo, la. Nguvu yote ya mteremko inageuka joto ndani ya kikombe kidogo cha chuma kilichojaa grisi. Huko California, katika kaunti ya Marin, vijana walianza mwaka 1976 kushindana kushuka mlima kwa baiskeli nzito za breki hizo. Mteremko wao ulishuka karibu mita 400 katika kilomita zisizofika nne. Grisi ilichemka na kutoka moshi, na baada ya mbio ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack. Kutokana na mbio hizo ndipo baiskeli ya milimani ilipokua, na moja ya mambo ya kwanza waliyoyafanya watengenezaji wake ni kuiacha breki ya miguu na kuweka za mkono. Barabara ya Kwale ni ndefu kuliko ile na mteremko wake umetawanyika, lakini mzigo wetu ni mzito kuliko wao. Na cheni ikikatika, breki ya miguu inakwenda nayo. Anayeitaka aweke breki ya mkono mbele, inayofanya kazi kweli, kabla hajapanda.

Gia za ndani ya kitovu nazigusa kwa ufupi. Kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham, iliyoanza mwaka 1902, ilitoa kitovu cha gia tatu kilichoenea mno, AW, mwaka 1936. Gia yake ya chini ni robo tatu ya ile ya kati; ukikiweka kwenye 48 kwa 18, mita 5.9 zinakuwa 4.4, sawasawa na kubadilisha meno kama tulivyofanya juu. Ni kitovu cha kuheshimika, kinachodai matone machache ya mafuta na waya uliokazwa vyema. Waya ukilegea, kati ya gia ya pili na ya tatu pana mahali pasipo na gia. Pedali inaanguka bure chini ya mguu wa mtu aliyesimama. Ukikipata kizima na una fundi anayekifungua, kitunze. Kukitafuta dukani leo kwa ajili ya kazi, sishauri. Na gia ya kudumu, isiyo na friwili, haina nafasi hapa: kwenye mteremko mrefu pedali haziachi kuzunguka, na hakuna aliyebeba saruji anayehitaji hilo.

Jambo jipya linalonipa matumaini limetoka karibu. Baiskeli za Buffalo, za shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, zinaunganishwa Kisumu. Kwa miaka mingi zilikuwa za gia moja na breki ya miguu, zimetengenezwa kubeba kilo 100. Mwaka 2023 walitoa toleo la gia mbili lisilo na waya wa gia wala mkono wa nyuma: cheni mbili, friwili mbili, na mpandaji hurudisha pedali nyuma kidogo ili kuhama kutoka gia ya tambarare kwenda ya mlima. Wamekiri, kwa chuma, kile ambacho kila msukumaji wa Kwale anakijua: gia moja haitoshi barabara mbili. Bei na vipuri ndivyo vitakavyoamua kama itatuama huku pwani. Mpaka hapo, friwili ya skrubu yenye meno 22 ni hatua iliyo mikononi mwa fundi yeyote.

Ukienda kuifunga, peleka pia cheni mpya, ile pana ya gia moja. Ya zamani imekwisha kuvutika na itayala meno mapya kwa mwezi. Pingili 24 za cheni nzima zina sentimita 30.5; zikisoma 30.8, iache. Mwambie fundi apake grisi kwenye uzi wa kitovu kabla ya kuzungusha friwili, hasa kitovu kikiwa cha alumini, maana huku chumvi huunganisha metali mbili mpaka siku ya kuitoa patasi na nyundo vinang'oa uzi wenyewe. Aizungushe kwa mkono tu mpaka ikwame. Mguu wako ndio utakaoikaza, pole pole, ukipanda Kwale mara ya kwanza. Friwili ikijikaza itasogea ndani kidogo na cheni haitakuwa tena mstari ulionyooka kama ilivyoachwa chini ya mwembe, kwa hiyo ukirudi Kombani simama tena hapo, inama nyuma ya gurudumu, uitazame.